Matembele Ndani ya Kioo

Mimi samaki ninamjua kwenye sufuria. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kando ya ziwa Tanganyika, na kwetu samaki akikukodolea jicho na wewe unamkodolea, kisha unatafuta nyanya na chumvi. Kwa hiyo mtu asinisimulie habari za kupenda samaki. Lakini mwaka huu nimegombana na nusu ya Kakoba kwa ajili ya samaki sita wasiotosha hata kitoweo cha paka, na kama ingebidi nigombane tena ningegombana, tena ningeanza mapema zaidi.

Jina langu Eugénie. Ninauza matembele na sombe, yaani majani ya muhogo, sokoni Kakoba, hapa mjini Mbarara. Bwana yangu anaitwa Appolinaire, na habari hii ni yake, ila yeye hawezi kuisimulia kwa sababu hapendi kelele. Mimi kelele ninazo. Ninazo za watu wawili, na nitawaeleza kwa nini.

Ujana wake Appolinaire alikuwa mzamiaji. Si wa kutafuta chakula, hapana. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa ananunua samaki wadogo wa rangi, wale wanaoishi kwenye mawe chini ya maji, anawatia kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa na kuwapakia kwenye ndege, waende Ulaya wakawekwe sebuleni watu wawaangalie. Sisi wasichana wa Kalundu, mtaa wetu wa ziwani, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Watu wamekosa vya kuangalia! Lakini Appolinaire alikuwa akitoka majini na samaki mweusi mwenye mkanda wa njano, amemlaza kwenye kiganja kilicholowa, na hata kama hujali samaki ulisimama ukatazama.

Jike wa samaki huyo hatagi mayai akayaacha. Anayaweka mdomoni. Anakaa na watoto mdomoni majuma mazima bila kula chochote, mashavu yamevimba, mpaka watoto waweze kujitegemea. Tajiri aliwataka hao watoto. Wazamiaji wengine waliwakamua majike kwa nguvu, wakaua mama na wana. Appolinaire alikuwa anachukua unyasi, anamfungua jike mdomo taratibu, watoto wanadondoka kwenye beseni mmoja mmoja wakiwa hai, kisha mama yao anarudishwa ziwani. Mnataka kujua kwa nini niliolewa naye? Ni hapo. Nilisema mwanaume mwenye mikono hiyo hatanipiga, na kweli hajanipiga.

Vita vikaja. Vita sitavisimulia, kila mtu kambini Nakivale ana vyake. Tulifika huko sisi wawili na mama yake, tukapewa kipande cha shamba, na hapo ndipo bwana yangu alipotushinda. Kulima hajui. Aliweka maharage, maharage yakamkataa. Aliweka mahindi, mbuzi za watu zikala. Jirani akasogeza mpaka wa shamba ndani kwetu, Appolinaire hakusema neno. Wakamwita mvivu mbele ya mama yake mzazi, hakusema neno. Halafu akalala.

Nikisema akalala sisemi usingizi. Alivua viatu, akavipanga sawasawa karibu na mlango, akajilaza kwenye godoro, akageukia ukuta. Anaamka kula, anaamka kwenda chooni, anarudi ukutani. Hakulia, hakutukana, hakukasirika hata siku moja. Hasira zote za nyumba zikaniangukia mimi. Nilikasirika kwa ajili yangu, nikakasirika kwa ajili yake, nikamaliza nikaanza upya, miaka nenda miaka rudi. Na kila nikiona vile viatu vimepangwa mlangoni nilitaka kuvitupa chooni.

Mwishowe nikamleta Mbarara. Mama mukwe akabaki Nakivale na shamba, mimi nikakodi chumba Kakoba kwenye nyumba za mzee Ngoga, nikamtafutia Appolinaire vibarua vya kufyeka nyasi kwenye majumba ya wakubwa. Alienda kwa sababu nilimsukuma mgongoni. Jioni alirudi, akapanga viatu.

Siku moja alikuwa anafyeka kwa tajiri anayeitwa Rwakabuba, ambaye alikuwa anahama nyumba. Rwakabuba akamwambia: humo ndani kuna boksi la kioo la samaki, limenichosha, kalimwage. Appolinaire akaingia na ndoo. Akakuta samaki weusi wenye mkanda wa njano, sita, wamejibanza pembeni. Aliniambia baadaye kwamba alipiga magoti juu ya zulia la watu na buti zake zenye matope.

Alifika nyumbani na boda mbili, moja imebeba kioo, nyingine imembeba yeye na ndoo. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ni batu ba kwetu," akasema.

"Batu gani? Mimi ninaona samaki!"

"Eugénie, banatoka ku mawe ya kwetu. Ni bakwetu."

Haki ya Mungu nilitaka kupiga kelele mpaka wafuaji wa mtoni Rwizi waache kufua. Chumba kimoja, kitanda, jiko, magunia ya sombe, na sasa ziwa! Lakini akaniambia, "Shika upande ule," na sauti ilikuwa ya yule kijana wa Kalundu. Nikashika.

Kesho yake alinyoa ndevu. Alitafuta mawe akayapanga ndani ya kioo jinsi yanavyokaa kwetu, akafunga kimashine cha kupuliza hewa, akawa anaamka kabla yangu. Akaanza kuimba, tena vibaya! Kantengwa, mama mmoja anayeuza samaki wa mapambo mjini, akamwambia wakizaana atawachukua watoto wote, maana hakuna mwenye samaki hao Mbarara. Basi bwana yangu alikuwa na kazi yake tena, ile ile ya mikono yake. Viatu vikawa vinatupwa popote, kimoja chini ya kitanda, kimoja karibu na jiko. Nilikuwa ninajikwaa navyo na ninafurahi. Nikajua kitu kimoja, na sasa na nyinyi mnakijua: samaki wale wakifa, Appolinaire atarudi kwenye godoro, na safari hiyo sitaweza kumtoa.

Wakaanza kufa.

Wa kwanza alisimama pembeni akihema haraka, rangi ikamfifia, asubuhi tumbo juu. Appolinaire akasema ni uchafu. Sasa, sisi kwetu maji yaliyolala hayapewi mtu. Maji yaliyokaa ndani usiku mzima ni ya kunawa miguu au kumwagia mboga. Mgeni akifika, hata kama ndoo imejaa, unamkimbilia bombani umletee mapya, na ukimpa yaliyolala atakwenda kukusema kwa watu. Appolinaire akawapa samaki heshima hiyo. Kila siku akamwaga yaliyolala, akatia mapya kutoka bomba la uani. Wa pili akafa. Akazidi kubadilisha, akasugua kioo, akachemsha mawe kama viazi. Wa tatu akafa.

Mimi nikatafuta wa kugombana naye. Nikamwendea Doriane, Mrundi anayesuka nywele chumba cha pili, nikamwambia dawa zake zinaingia dirishani kwetu zinaua samaki.

"Dawa zangu haziui hata chawa," akanijibu. "Wewe badala ya kunipigia kelele, peleka hayo maji kwa Kantengwa ayapime."

Doriane naye si mtu wa kunyamaza, ndiyo maana tunapatana. Tukapeleka maji kwenye chupa ya soda.

Kantengwa ni mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na hapotezi maneno. Alichovya kikaratasi ndani ya maji, akasubiri. Kikaratasi kikawa chekundu kama mtu aliyetukanwa.

"Nitrati," akasema. "Ni chumvi inayotoka kwenye mavi na mikojo ikizama ardhini. Haina rangi, haina harufu, ulimi hauisikii. Samaki wenyewe wanaitengeneza kidogo kwenye maji yao, ndiyo maana tunabadilisha maji."

"Lakini tunabadilisha kila siku!" Appolinaire akasema.

Kantengwa akamtazama juu ya miwani. "Kwa maji ya wapi?"

Tukarudi na maji yaliyotoka bombani moja kwa moja, hayajaona samaki wala kioo. Kikaratasi kikawa chekundu vilevile. Appolinaire akakaa kwenye kibao cha duka. Kila maji mapya aliyowatilia kwa heshima, alikuwa anawaongezea sumu. Nikauliza, na tukichemsha? Kantengwa akasema chemsha mpaka sufuria itoboke, maji yatapungua na chumvi itabaki pale pale. Akasema pia mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya chupa asichanganyiwe na maji hayo kamwe. Siku ile ile nilipita uani mlango kwa mlango. Mungu ni mwema, watoto wote wa pale walikuwa wananyonya mama zao, na mama zao niliwaambia kwa sauti ambayo hakuna aliyesema hakusikia.

Halafu nikaenda kwa Ngoga, Appolinaire nyuma yangu.

Lazima mjue bomba la Ngoga. Alichimba kisima mwenyewe, akaweka pampu na tangi, akavuta bomba mpaka uani, na kila mpangaji mpya anaonyeshwa bomba kabla ya kuonyeshwa chumba. Juu kidogo ya kisima, kwenye mteremko, kuna zizi la ng'ombe wake, na pembeni ya zizi ni vyoo vyetu sote. Mtu yeyote anayeona mteremko anajua mvua inashuka na nini. Sisi tulikuwa tunaona kila siku na hatukuona.

Nilimkuta kibarazani anakunywa maziwa. Nikaanza kwa adabu. "Habari ya mchana, mzee. Maji yako yamepimwa. Yana mavi."

Kikombe kikasimama njiani. "Nyabo, unasema nini?"

"Kisima kinakunywa zizi lako na vyoo vyako. Samaki wangu wamekufa."

"Samaki!" Akacheka. "Wewe mukimbizi unakuja kufundisha mimi maji? Angalia hiyo maji, iko safi kama glasi! Mimi nakunywa, bibi yangu nakunywa, ng'ombe yangu nakunywa!"

"Na ng'ombe yako ikishakunywa, inakojoa wapi?"

Wapangaji wakaangua kicheko nyuma yangu. Ngoga akasimama, macho mekundu. "Kama hutaki maji yangu, Nakivale iko na ziwa kubwa. Rudi huko na samaki yako."

Mungu wangu! Hilo neno, rudi huko. Nilihisi damu imepanda mpaka kwenye nywele. Nilikuwa na maneno yamejipanga kwenye ulimi, mazuri, ya Kiswahili na ya Kifuliru cha kwetu. Na Appolinaire ananivuta mkono: "Tuende, Eugénie. Tuende tu." Hakuwa amekasirika. Aliambiwa arudi huko mbele ya watu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri mvua ipite. Siku ile nilimchukia Ngoga, na bwana yangu nilitaka kumng'ata.

Kantengwa ndiye aliyetupa njia. Alisema bomba la dukani kwake ni la mjini, amelipima, halina shida, tuchote hapo. Lakini tusimwage maji yote mara moja, samaki hawavumilii mabadiliko ya ghafla. Tutoe kidogo, tutie kidogo. Na tutafute mmea unaokua haraka, mizizi ikae majini, maana chumvi hiyo inayoua samaki ndiyo chakula cha mimea.

"Ndiyo mbolea yao," akasema.

Sokoni wanawake wenzangu walikuwa wananiuliza ninatia dawa gani matembele yangu. Matembele nisiyouza leo ninayasimamisha kwenye beseni la maji mpaka kesho, na kwenye beseni langu hayakunyauka, yalikuwa yanaota mizizi myeupe na majani mapya. Nilijiona fundi. Kumbe ni mavi ya Ngoga! Nilicheka njia nzima, na katikati ya kucheka nilikuwa nimekasirika.

Tukafunga mashina ya matembele kuzunguka kioo, mizizi ndani, majani nje. Yakashika. Yakatambaa juu ya kioo mpaka kwenye dirisha, mizizi ikajaa chini kama ndevu za mzee na samaki wakawa wanapita katikati. Appolinaire alibeba jerikeni begani kutoka kwa Kantengwa kila siku, duka liko mbali, na hakulalamika. Majani sikuyachuma hata wateja waliponililia. Kikaratasi kilianza kufifia, kikawa waridi, kisha waridi hafifu. Samaki watatu waliobaki wakarudisha rangi. Ndipo mmoja akaacha kula.

Appolinaire alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Alinong'ona utafikiri yuko kanisani. "Eugénie. Angalia mashavu yake. Iko na batoto."

Kila jioni alikaa hapo. Jike alikuwa ametulia chini ya mizizi, mdomo umefungwa, mashavu yamejaa, watoto wakionekana wakijigeuza ndani ya ngozi ya koo. Niliwaombea samaki, mimi, mwanamke wa Uvira. Niliomba Mungu aangalie mdomo ule usifunguke kabla ya wakati wake.

Sasa mama mukwe.

Kabla sijaendelea, mjue kwamba mama mukwe ni mtu mwema. Hajanisema vibaya, na miaka ile ya godoro tulilia naye pamoja jikoni bila kuambiana tunalia nini. Na mjue pia kwamba kwetu bibi ya mwana hapandishi sauti mbele ya mama mukwe. Jina lake silitaji. Mimi ninayemfokea polisi wa barabarani, mbele ya mama huyu ninainama na kujibu kwa sauti ya kuku mgonjwa.

Alikuja kututembelea kutoka Nakivale. Alipanda gari Rwekubo na maharage mapya na mahindi, hakutuambia, alitaka tufurahi tu. Mimi nilikuwa sokoni, Appolinaire amekwenda kuchota maji. Doriane akamfungulia mlango. Na mama mukwe hajui kukaa na mikono mitupu. Akafagia. Akakunja nguo. Halafu akaona matembele yamezeekea juu ya kioo, mabichi namna ile, hayachumwi, akasema moyoni mwake maskini Eugénie amechoka na soko hana muda wa kupika. Akayachuma yote. Mashina akayang'oa akayatupa nyuma ya nyumba. Akaona maji ya samaki yana ukijani ukijani, akajua yamelala, na si siku moja. Akachukua ndoo.

Mimi nilisikia harufu ya mawese tangu uani. Nikaingia. Kioo kilikuwa kinang'aa.

"Mwanangu!" mama mukwe akasema, amefurahi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. "Nimebatilia mayi mapya. Ile ilikuwa imelala mingi. Na mboga ilikuwa inaelekea kuharibika, nimeipika."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. "Aksanti, mama," nikasema.

Nikatoka mpaka nyuma ya nyumba, na pale kulikuwa na mbuzi wa Ngoga amefungwa kamba. Maneno niliyomwambia yule mbuzi sijawahi kumwambia Mkristo.

Niliporudi, samaki wawili walikuwa wameinamia upande mmoja. Jike alikuwa amelala chini kwenye jiwe, anahema haraka haraka, mdomo bado umefungwa. Nilisimama mbele ya kioo nimkinge mama mukwe asione, au nimkinge Appolinaire, hata sijui.

Akaingia na jerikeni begani. Akaona kioo. Akaona sahani mezani. Akamwona mama yake. Aliteremsha jerikeni taratibu, akamsalimia mama yake kwa mikono miwili, akaketi, akala. Nilikuwa ninahesabu matonge kwa hasira. Matembele yalikuwa yamekolea mawese na karanga, mama mukwe hajui kupika vibaya.

"Ni tamu, mama," akasema.

Halafu akasimama, akaenda mlangoni, akainama. Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Akavipanga sawasawa karibu na mlango.

Nilikuwa na kelele za miaka yote kooni, amka wewe, usinifanyie hivyo tena, usiniache peke yangu na dunia! Lakini mama mukwe alikuwa pale katikati ya chumba, na sauti haikutoka. Naye alikuwa anaviangalia vile viatu. Alivijua. Alikuwa amevifagilia pembeni miaka mingi Nakivale.

"Appo," akasema. "Mwanangu, nimekosa fasi gani? Si nimetia mayi safi?"

Akaangalia mikono yake, akaifuta kwenye kitenge, akaanza kulia kimya kimya, mzee wa watu, na maharage yake bado hayajafunguliwa kwenye furushi.

Appolinaire alikuwa ameshafika kwenye godoro. Akasimama. Akageuka. Akapita mbele yangu, akapita mlangoni pekupeku, akaenda mpaka kwenye bomba akalifungua lote, maji yakaruka mpaka kwenye ukuta.

"NGOGA!"

Sikuitambua sauti ile. Nilidhani ni mtu mwingine ameingia uani.

"Ngoga! Toka! Kuja ueleze mama yangu!"

Milango ikafunguka. Doriane akatoka na kitana mdomoni, mteja wake nyuma kichwa kimesukwa nusu. Ngoga akatokea kibarazani. "Wewe mwanaume, kelele gani..."

"Nyamaza! Miaka yote minanyamaza miye, leo unanyamaza weye! Mama yangu amefungua bomba. Mtu akifungua bomba anategemea mayi, si mavi ya ng'ombe zako! Ametoka Nakivale na maharage ku kichwa, ametaka kunifanyia muzuri, na weye umetia sumu mu mikono yake! Tulikuambia! Bibi yangu alikuja hapa akakuambia, ukacheka! Sasa mama yangu analia mu nyumba, analia juu ya kosa lako!"

Na hakuishia hapo. Ngoga alipewa na mengine yasiyokuwa yake. Alipewa mpaka wa shamba uliosogezwa, alipewa mbuzi waliokula mahindi, alipewa wote waliosema mvivu. Ngoga akajaribu kumwambia kitu kuhusu ukimbizi wake, akaambiwa kama ukimbizi ni dhambi basi achimbe kisima cha kumtosha Mungu kuoga, maana na Mwana wa Mungu alikuwa mkimbizi. Mimi sikusaidia hata kwa neno. Nilikuwa nimesimama nimeziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yananitoka kati ya vidole. Bwana yangu alikuwa amekasirika! Alikuwa anatetemeka, mate yanaruka, shingo imetoka mishipa. Sijapata kumwona mzuri namna ile tangu ziwani.

"Toka kwa nyumba yangu!" Ngoga akapiga kelele. "Mwisho wa mwezi, toka!"

"Leo!" Appolinaire akasema. "Tunatoka leo!"

Akarudi ndani mbio. "Eugénie, sufuria!" Nikamwaga matembele yaliyobaki, nikaisugua, akaijaza maji ya Kantengwa kutoka kwenye jerikeni. Samaki wawili akawahamishia kwenye ndoo. Jike akamlaza kwenye kiganja kilicholowa. Akavunja unyasi kwenye ufagio, akamfungua mdomo. Mikono iliyokuwa inatetemeka uani sasa ilikuwa imetulia kabisa.

Hakuna kitu. Akamwinamisha kidogo. Mtoto akadondoka, mdogo, ana kitumbo cha njano, akazama, akakaa chini. Akatikisa mkia. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka sehemu ya chini ya sufuria ikawa inatembea. Jike akaacha kuhema kwenye kiganja chake. Appolinaire akamfunga mdomo kwa kidole gumba, akasema, "Aksanti, mama," na sijui alikuwa anamwambia nani, maana mama yake alikuwa amepiga magoti pembeni yake.

Akampa sufuria. "Shika weye, mama. Usitikise."

Tukatoka kwenda kwa Kantengwa. Kukodi boda Appolinaire hakutaka, alisema itawarusha watoto. Mama mukwe alitembea katikati ya barabara ya Kakoba, ameshika sufuria kwa mikono miwili, hapepesi jicho. Doriane alibeba ndoo. Mbele yao alikuwa Appolinaire, pekupeku kwenye changarawe, mikono ameitanua, anawafokea bodaboda wote wanaotokea: "Pisha! Pisha weye! Huoni mama yangu anapita? Zima hiyo pikipiki!" Nao wakawa wanapisha, mmoja mmoja, wanamshangaa.

Mimi nilikuwa nyuma. Kwapani nilikuwa na mashina ya matembele niliyoyaokota nyuma ya nyumba, mizizi bado mibichi. Na mkononi nilikuwa na viatu vyake. Sikumwambia avivae.